Mkojo wa manjano si dalili ya nguvu

"Docta, dawa inafanya kazi, hata mkojo umekuwa wa manjano." Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kule mtaa wa Kadutu aliniambia hivyo huku akihema, ngazi chache tu za kituo chetu zilikuwa zimemshinda. Alikuwa kwenye kisanduku cha pili cha vitamini B. Ule umanjano ni wa vitamini B2: mwili ukishachukua kiasi unachohitaji, figo hutupa kilichozidi. Pesa ya sambaza ilikuwa inaishia chooni.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, vitamini huitwa "dawa ya nguvu", na jina hilo ndilo linalotupoteza. Nguvu hutoka kwenye chakula: fufu, maharagi, mafuta, samaki. Vitamini B huusaidia mwili kukitumia chakula hicho, kama kiberiti kinavyowasha makaa. Pasipo makaa, viberiti kumi havichemshi sufuria. Na makaa yakishawaka, kiberiti cha kumi na moja hakiongezi moto.

Tulimpima damu. Hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 7.8 kwa desilita, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa kufikia angalau 12, na kwa sisi tunaoishi kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya hapo kidogo. Alikuwa akitoka hedhi nyingi kwa miezi, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Vidonge vyake havikuwa na chuma, madini ambayo mwili hutengenezea damu, hata chembe.

Ndiyo maana mtu akiniomba vitamini kwa ajili ya uchovu, mimi namuuliza maswali kwanza. Umepata homa? Unakojoa mara nyingi usiku? Unakohoa zaidi ya wiki mbili? Hedhi imepita tarehe? Malaria, minyoo, kisukari, kifua kikuu na mimba, vyote huweza kuanza na mwili kulegea. Swali la mwisho ni la usingizi, na hapo wengi huinamisha kichwa. Katika mji ambao watu wamebeba mengi, uchovu wa mawazo ni uchovu wa kweli. Hata serumu (dripu) iliyotiwa vitamini haiuondoi.

Wapo wanaohitaji nyongeza kweli. Mama mjamzito hupewa kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi foliki. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini A kwenye kampeni za afya. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi huenda akapewa vitamini B6 ili mishipa ya fahamu isiharibike. Ukiandikiwa na muganga, maliza.

Wengine waanze na sufuria. Mawese mekundu yana asili ya vitamini A, mradi usiyaunguze mpaka yawe meupe kama wafanyavyo wapishi wengine. Rangi ikiondoka, faida imeondoka nayo. Sambaza anayeliwa mzima huleta vitamini B12, na mifupa yake huleta kalsiamu. Chuma cha lengalenga (mchicha) na maharagi ni kigumu kufyonzwa, kwa hiyo kula na limau au papai, na chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. (Najua, hilo la chai ndilo watu hawanisikilizi.)

Vidonge navyo vina madhara yake. Vitamini A ya vidonge ikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito humdhuru mtoto tumboni. B6 nyingi kwa miezi huleta ganzi miguuni.

Kinachonitisha zaidi lakini si vitamini kabisa. Ni vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kama "vitamini ya hamu ya kula". Mara nyingi ndani yake kuna siproheptadini, inayoleta usingizi mzito, au deksametasoni, inayojaza uso, kupandisha sukari na presha, na kuupunguzia mwili kinga. Kama umemeza vya namna hiyo kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla peke yako, maana mwili unaweza kuanguka. Njoo na kisanduku chake, hata kikiwa kitupu, tusome pamoja kilichoandikwa, kisha tupange namna ya kuvipunguza polepole.