Kamera kusimama haiko uvivu

Bandugu, huku Goma batu mingi banasema kama kwa klipu ya rock kamera haitembei, ni juu feza ilikuwa kidogo ao mwenye kufilme alikuwa mvivu. Hapana, haiko vile. Muangalie klipu ya "No Surprises" ya Radiohead, kikundi cha rock cha Uingereza, ile Grant Gee alitengeneza: mwanzo mpaka mwisho ni sura ya Thom Yorke, mwimbaji wabo, tu, ndani ya kofia ya kioo, maneno ya wimbo inapita juu ya kioo, kisha maji inaanza kupanda, kidevu, mdomo, pua, na kamera haitoke pale. Njo pale maana iko! Bangekata ile picha tungepumua, sasa tunafungwa naye. Wimbo wa kelele, sawa, kamera irukeruke, lakini ule ni wa mtu mwenye kuchoka na maisha, unataka utulivu.

Na eti Thom alizuia pumuzi dakika nzima wakati maji ilimufunika? Hapana, balipiga muziki mbio, kamera nayo ikachukua picha mingi kwa segonde, kisha bakarudisha polepole, juu akae ndani ya maji muda mufupi. Hata vile alirudilia mara mingi mbele afaulu.