Thamani ya Mwalimu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mwalimu bora hujulikana kwa alama za wanafunzi wake.

Ukweli: Alama hueleza sehemu tu ya habari. Mwanauchumi Kirabo Jackson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wa darasa la tisa katika jimbo la North Carolina, Marekani, hakuishia kwenye matokeo ya mitihani, bali alitazama pia utoro, kusimamishwa masomo na kukariri darasa. Alibaini kwamba walimu wanaopandisha alama mara nyingi si wale wanaorekebisha mwenendo, na kwamba mchango wa mwalimu katika mwenendo ulibashiri vizuri zaidi nani angehitimu sekondari. Kwa hiyo mwalimu aliyemfanya mtoro apende kufika shuleni huenda asionekane popote kwenye karatasi ya matokeo.

Isitoshe, matunda mengine huchelewa mno. Mwandishi Albert Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, akafiwa na baba yake vitani kabla hajatimiza mwaka mmoja, na kulelewa na mama asiyejua kusoma. Mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, alimpa masomo ya ziada bila malipo na kumwandaa kwa mtihani wa ufadhili wa kuingia sekondari mwaka 1924, wakati nyumbani alitarajiwa kwenda kutafuta kibarua. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, Camus alimwandikia mwalimu huyo barua, akimweleza kwamba baada ya mama yake, aliyemfikiria kwanza ni yeye. Barua hiyo ilifika miaka 33 baada ya mtihani, na hakuna ripoti ya muhula ambayo ingeweza kuyasema hayo mapema.

Dhana: Anayelijua somo anaweza kulifundisha.

Ukweli: Mwanafunzi anajumlisha nusu na theluthi, anaandika mbili ya tano. Mjuzi wa hesabu ataona kosa na kutoa jibu sahihi. Mwalimu ataona kosa limetoka wapi: mtoto amejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Kisha atamuuliza, “Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, imekuwaje ukabaki na pungufu ya nusu?” Swali hilo halikutoka kwenye hesabu peke yake, limetokana na kuwasoma watoto kwa miaka.

Dhana: Kazi ya mwalimu huisha kengele inapolia.

Ukweli: Madaftari 45, kila moja likisahihishwa kwa dakika 3 tu, ni saa mbili na robo, na hapo andalio la somo la kesho bado halijaguswa.

Dhana: Ualimu ni wito, hivyo mwalimu hutosheka na shukrani.

Ukweli: Wito haulipi kodi ya nyumba. Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994, hukumbusha Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe hiyo mwaka 1966. Pendekezo hilo linautaja ualimu kuwa taaluma na kugusia waziwazi mishahara na mazingira ya kazi. Kuiadhimisha siku hiyo kwa kadi na maua huku mambo hayo yakinyamaziwa ni kuichukua nusu yake iliyo rahisi.

Dhana: Kumshukuru mwalimu kunahitaji zawadi.

Ukweli: Zawadi si mbaya, lakini haimwambii mwalimu ni lipi hasa, kati ya mengi aliyojaribu, lililofanikiwa. Mzazi anayesema, “Tangu ulipomhamishia dawati la mbele, ameacha kusingizia kuumwa tumbo asubuhi,” amempa mwalimu jambo la kujaribu tena Jumatatu kwa mtoto mwingine anayeketi nyuma kimya.