"Marashi ya poda" ni marashi gani?

Muuzaji wa marashi Mji wa Kale akikwambia, "Hii ina poda," usidhani kuna poda ndani ya chupa. Anasifu harufu laini, kavu, yenye utamu wa mbali. Ni ile ya shingo ya mama aliyetoka kuoga jioni ya kaskazi, kanga kifuani, na weupe wa poda ungali kwenye mikunjo ya koo.

Harufu hiyo hutoka hasa kwenye mizizi ya ua la airisi. Ikiwa mbichi hainukii hivyo. Hukaushwa na kuwekwa miaka, aghalabu mitatu, ndipo inukie. Ndiyo maana ni ghali mno. Marashi haya hutiwa pia harufu ya ua la vayoleti, vanila na miski. Poda za Ulaya za zamani nazo zilitiwa airisi na vayoleti, basi pua ikishazisikia hukumbuka poda.

Chukua marashi mawili yanayogombanisha watu. L'Heure Bleue ya Guerlain, ya mwaka 1912, huanza na ukali kama wa bizari tamu, ndani yake kuna kitu kinachokaribia karafuu, kisha hutulia ikawa poda nzito. Flower by Kenzo, ya 2000, ni nyepesi: vayoleti, waridi, vanila na miski nyeupe. Wapo wanaoiona safi kama nguo iliyoanuliwa sasa hivi. Wengine huiita sabuni.

Na hawabishani bure. Kwenye vayoleti kuna kiungo kiitwacho beta-ayononi. Kwa tofauti ndogo tu ya jeni, mmoja husikia ua na mwenzake husikia kitu kikali kama siki. Miski nayo, baadhi ya aina zake wako wasiozisikia kabisa. Kwa hivyo shoga yako akikunja uso, usimwambie hajui marashi. Hasikii unachokisikia wewe.

Usichague kwa karatasi ya kunusia ya dukani. Jipake moja kila mkono, toka, tembea juani nusu saa mpaka jasho likutoke, ndipo unuse. Joto letu huongeza utamu wa vanila, na mchana ndani ya matatu L'Heure Bleue inaweza kumkera jirani. Mchana ningejipaka Kenzo. Lakini usiku wa harusi, buibui limeshafukizwa udi, ningechukua L'Heure Bleue bila kusita: ile karafuu yake na moshi wa udi hupatana vizuri sana.