Oili ya Sintetiki kwa Gari Kuukuu: Yasemwayo Gerejini Malindi na Ukweli Wake

Nina gari aina ya Toyota Corolla lililoundwa mwaka 1998, na ndilo linalonipeleka Mambrui, Gongoni na wakati mwingine hadi Marafa kwa kazi zangu. Kwa miaka yote niliyokaa nalo nimepewa ushauri mwingi kuhusu oili ya injini, na sehemu kubwa ya ushauri huo imetoka kwa mafundi ambao mikono yao naiamini kabisa. Hata hivyo, inapofika kwenye oili ya sintetiki, mengi yanayorudiwa katika gereji zetu yalikuwa kweli zamani, au ni kweli kwa injini za aina nyingine, na mwenye gari kuukuu ndiye anayeyalipia.

Dhana inayosikika zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, ni kwamba gari likizeeka lipewe oili nzito, na kwamba joto la pwani huifanya oili nyepesi kuwa maji. Ili kuona kasoro yake ni lazima kujua nambari za kwenye kopo zinasema nini. Katika oili ya 10W-40, nambari ya pili, yaani 40, inaeleza mnato wa oili, yaani uzito wake inapotiririka, ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi: oili ya daraja la 30 huwa kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Nyuzi 100 ndilo joto ambalo oili hulikaribia injini ikishapata moto, na injini hupata moto huo huo iwe Malindi au Limuru, kwa sababu themostati na rejeta ndizo zinazolidhibiti. Mchana wa Machi hapa kwetu unaongeza mzigo kidogo, lakini haugeuzi oili ya daraja la 30 kuwa maji.

Kinachoongeza joto la injini nyingi za Malindi ni kitu kingine, nacho huzungumzwa kwa nadra: maji ya kisima. Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvichumvi, na dereva anayejaza rejeta kwa maji hayo mwaka baada ya mwaka hujenga magaga na kutu ndani ya mirija hadi rejeta inashindwa kupoza. Injini ikichemka, lawama huiangukia oili, na mwenye gari hushauriwa apande hadi 20W-50 ilhali tatizo limo katika rejeta. Ni heri kwanza kununua kipozeshi (coolant) kinachostahili na kuosha rejeta, kisha ndipo oili ijadiliwe.

Si kwamba oili nzito haina nafasi yake. Injini iliyochakaa huwa na uwazi mkubwa zaidi kati ya beringi na kranki, na kupanda daraja moja, kwa mfano kutoka 30 hadi 40, kunaweza kurudisha presha ya oili na kupunguza kelele. Vitabu vingi vya magari ya miaka ya tisini vina jedwali linaloruhusu madaraja kadhaa kulingana na joto la mahali, na humo ndimo pa kuanzia. Tatizo ni kuruka kutoka 30 hadi 50 kwa sababu ya umri pekee. Oili nzito hukawia kufika kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu, asubuhi gari linapowashwa, na sekunde hizo za kwanza ni miongoni mwa nyakati ambazo vyuma husagana zaidi. Hata asubuhi yetu ya nyuzi 25 ni baridi kwa oili, kwani oili hiyo hiyo huwa nzito mara kadhaa kuliko itakavyokuwa injini ikishapata moto. Gari langu liliwahi kutiwa oili ya SAE 40 isiyo na W, nami kila alfajiri nilisikia mlio wa valvu ukidumu kwa muda kabla ya kutulia. Nilipobadilisha na kutia 10W-40, mlio ulikwisha siku iyo hiyo.

Herufi W nayo ina dhana yake. Wapo wanaoamini kwamba 0W au 5W ni alama ya ubora, hivyo kadiri nambari ilivyo ndogo ndivyo oili ilivyo bora. W inahusu majira ya baridi (winter kwa Kiingereza). Oili ya 5W hupimwa jinsi inavyoruhusu injini kuzungushwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 10W katika nyuzi 25 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna gari la Malindi litakaloiona. Kama kitabu cha gari lako kinaruhusu 10W, usilipe zaidi kwa ajili ya 0W au 5W.

Sasa nije kwenye hofu kubwa, ile ya kuvuja. Inasemwa kwamba oili ya sintetiki huharibu sili, zile raba zinazozuia oili isivuje, na kwamba gari kuukuu likitiwa litavuja kila upande. Hofu hii ina asili ya kweli. Oili za sintetiki zilizoanza kuuzwa kwa wingi kwa magari ya kawaida miaka ya 1970 zilitegemea zaidi kimiminika kiitwacho PAO, ambacho kikiwa peke yake hufanya raba isinyae na kukakamaa kidogo, ilhali oili ya madini, yaani ya kawaida isiyo sintetiki, ilikuwa ikiivimbisha kidogo. Watengenezaji walilitambua hilo wakaongeza esta, ambazo hulainisha raba, na leo viwango vya oili vinataka ipimwe dhidi ya raba za sili kabla ya kupewa alama. Kinachokausha sili ya gari la miaka 25 ni joto na umri.

Kuna sehemu moja ya dhana hii ambayo mafundi wameiona kwa macho yao, na si haki kuwapuuza. Injini iliyokaa miaka bila kubadilishwa oili hujaa tope jeusi, na pengine tope hilo ndilo lililoziba mwanya wa sili iliyokwisha kufa. Oili mpya yenye viosheo vizuri huliondoa taratibu, na mwanya unajitokeza. Nami yalinipata hayo: wiki chache baada ya kutia oili ya sintetiki niliona unyevu ubavuni mwa injini, nikailaumu oili. Fundi alipofungua kifuniko cha valvu tulikuta gasketi imekuwa ngumu kama kifuu cha nazi. Tulitia mpya, na unyevu ukakoma huku oili ikiwa ile ile. Kwa injini yenye historia isiyojulikana, mimi ningeanza na oili ya kawaida iliyo nzuri, nikaibadilisha pamoja na filta baada ya kilomita 1,500 hivi, kisha ndipo nihamie sintetiki. Kusafisha injini kwa mafuta ya taa au dizeli sikukubali hata kidogo, kwa sababu mabaki yake hubaki ndani na kuipunguzia oili mpya mnato wake.

Kwamba ukishatumia sintetiki huwezi kurudi kwenye oili ya madini, au kwamba zikikutana zinaganda, si kweli. Oili zenye alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayoweka viwango vya oili, hutakiwa ziweze kuchanganyika. Oili ikipungua njiani pale Garsen na dukani ipo ya madini tu, ongeza bila wasiwasi, ukijua tu kwamba sifa za ile ya sintetiki zitakuwa zimepungua.

Hata neno lenyewe, sintetiki, linaeleweka vibaya. Wengi hudhani ni oili isiyotokana kabisa na mafuta ghafi. Katika makundi ambayo API hugawia oili za msingi, kundi la nne ndilo PAO, lakini makopo mengi yenye neno hilo leo yana oili ya kundi la tatu, ambayo hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa haidrojeni kwa kiwango cha juu sana. Nchini Marekani uamuzi wa mwaka 1999 kuhusu matangazo ya biashara uliruhusu kundi hilo liitwe sintetiki. Bado ni oili nzuri, na kwa Corolla yangu inatosha na kubaki.

Kwa hiyo badala ya neno kubwa lililo mbele ya kopo, geuza nyuma usome herufi za API. Kwa petroli huanza na S, na herufi ya pili hupanda kadiri kiwango kinavyokuwa kipya: SJ inafaa injini za mwaka 2001 na kurudi nyuma, SL za 2004, SM za 2010, SN za 2020, na SP ndiyo iliyofuata. Kiwango kipya huweza kutumika katika injini ya zamani, ila cha zamani hakifai injini mpya. SF haifai injini nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 1988, na kopo la bei nafuu ambalo oili yake husifiwa kwa uzito huenda limeandikwa SF. Jambo la kuangalia ni kwa wenye magari ya kale kama Peugeot 504, yenye tapeti bapa, vyuma ambavyo kamshafti huvisukuma ili kufungua valvu: viwango vipya hupunguza fosforasi hadi asilimia 0.08 katika oili nyepesi kama 5W-30, na injini hizo huihitaji fosforasi hiyo pamoja na zinki. Madaraja ya 15W-40 na 20W-50 hayabanwi na kikomo hicho, hivyo ndiyo yanayowafaa.

Wapo pia wanaoambiwa kwamba sintetiki huenda kilomita 15,000 bila kuguswa. Katika injini mpya barani Ulaya, pengine. Katika injini ambayo ringi zake za pistoni zinapitisha moshi na petroli, inayozunguka mjini kati ya Maweni na Barani bila kupata moto sawasawa, kisha Jumamosi ikala vumbi la Marafa, oili huchafuka kwa vitu ambavyo usintetiki hauviondoi.

Na injini ikiwa inakula lita nzima kila kilomita 1,000, ikitoa moshi wa buluu, kumwagia sintetiki ya bei ghali ni kuchoma fedha. Itie 15W-40 nzuri ya madini, upime kila wiki, na uweke akiba ya ringi na sili za valvu.

Langu halijafika huko. Linatumia 10W-40 ya nusu sintetiki yenye alama ya SN, nabadilisha pamoja na filta kila kilomita 5,000 au miezi sita, na kila Ijumaa asubuhi, kabla sijaliwasha, navuta kijiti nikatazama kiwango kimefika wapi.