Mji gani wa kulala ukizunguka Toscana kwa gari? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Lala Florence, mji mkuu wa Toscana nchini Italia, uzunguke mkoa mzima kutoka hapo.

Ukweli: Florence ni mji wa kutembea kwa miguu. Katikati yake kuna ZTL, eneo lisiloruhusu magari yasiyo na kibali, na usitarajie geti au askari wa kukurudisha. Kuna kibao cheupe chenye duara jekundu, na kamera inayosoma namba ya gari. Unapita hujui, unamaliza likizo kwa raha zako, kisha kampuni iliyokukodisha gari inakata ada kwenye kadi yako kwa kuwapa polisi jina na anwani. Faini yenyewe inafuata, pengine miezi kadhaa baadaye, na ukipita mara tatu unaweza kupata faini tatu. Siena, Pisa na Lucca ni vilevile. Hoteli iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kukusajilia namba ya gari, lakini uliza kabla hujafika, na uulize pia kama ruhusa ni ya kushusha mizigo tu.

Kwa hiyo Florence imalize kwanza, bila gari. Siku ya kuondoka ndipo uchukue gari, ikiwezekana kule uwanja wa ndege wa Peretola, nje ya vurugu za katikati. Kwa sisi tuliozoea kuendesha upande wa kushoto, Kenya au Tanzania, hiyo ni nafuu kubwa: huanzi kujifunza upande wa kulia katikati ya pikipiki na vichochoro. Leseni ya nyumbani ibebe pamoja na ile ya kimataifa.

Dhana: Kilomita ni chache, kituo kimoja kinatosha.

Ukweli: Kati ya Florence na Siena ni kama kilomita 70. Kwa barabara ya haraka, isiyo na malipo, ni mwendo wa saa moja na kidogo. Kwa Chiantigiana, ile SR222 inayopita Greve na Castellina katikati ya mizabibu, hesabu karibu saa mbili, bado hujasimama popote. Na hiyo ndiyo barabara uliyoijia! Ukilala kaskazini halafu kila asubuhi ukashuka Val d'Orcia, kusini ya Siena, jioni utarudi umechoka na jua likikupiga machoni. Gawa safari: usiku tatu au nne upande wa Chianti, eneo la mizabibu kati ya Florence na Siena, nyingine tatu au nne kusini. Chini ya hapo utakuwa unafungua na kufunga mabegi tu.

Dhana: Mji unaopendeza zaidi kuutembelea ndio wa kulala.

Ukweli: Montepulciano inapendeza kweli, ila barabara yake kuu ni mpando kuanzia lango la chini hadi Piazza Grande, uwanja ulio juu kabisa, na begi lako utalikokota wewe. San Quirico d'Orcia na Buonconvento hazina sifa kubwa hivyo. Zote mbili zipo kando ya barabara ya kale ya Cassia, hazina vilima vya kukutoa jasho, na kutoka San Quirico unafika Pienza au Montalcino kwa muda mfupi. San Gimignano naitetea kidogo: mabasi ya watalii yakishaondoka jioni, inageuka mji mwingine kabisa.

Dhana: Kulala shambani ndiyo Toscana halisi.

Ukweli: Agriturismo, yaani shamba linalolaza wageni, kwa sheria ni lazima liwe shamba linalolimwa, na mengi ni mazuri. Lakini angalia njia ya kurudi usiku: mara nyingi ni ya vumbi, haina taa, ina kona. Kiwango cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu ni sifuri. Kama shamba halipiki chakula cha jioni, afadhali mji mdogo ambao mgahawa wake unaufikia kwa miguu.

Maegesho yapo nje ya kuta za miji. Mistari myeupe ni bure, ya buluu unalipia, ya njano iache. Soma na kibao: nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, msalaba ni Jumapili na sikukuu. Siku ya gulio nayo huandikwa hapo, na ukiipuuza gari litavutwa kabla hujaamka.