Wallace, Ali na Dhana Potofu Kuhusu Wakusanyaji wa Sampuli Visiwani

Kuhusu wakusanyaji wa sampuli za wanyama wa karne ya 19, dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtaalamu wa Ulaya alikwenda visiwani na kukusanya kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Mwingereza Alfred Russel Wallace, aliyezunguka visiwa vya Malei (eneo la Indonesia na Malaysia za leo) kuanzia mwaka 1854 hadi 1862, alipata sampuli 125,660, na zaidi ya 83,000 kati ya hizo zilikuwa mbawakawa. Kazi hiyo isingewezekana bila wasaidizi. Kijana Ali wa Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, aliyeajiriwa kwanza kama mtumishi, alifundishwa kupiga ndege kwa bunduki na kuwachuna ngozi, akaimudu kazi hiyo barabara. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Bacan, ndiye aliyetoka msituni na ndege ambaye Wallace hakuwahi kumwona, mwenye kifua cha kijani king'aacho na manyoya mawili marefu meupe kwenye kila bega. Wanasayansi walimwita ndege huyo Semioptera wallacii. Wallace alimtaja Ali kwa heshima katika maandishi yake, lakini naona bado hajapewa haki yake.

Wapo pia wanaodhani kwamba kukusanya ni kuwinda tu, ilhali kumpiga ndege ni mwanzo wa kazi. Katika joto na unyevunyevu wa visiwa hivyo mzoga huoza haraka, kwa hiyo ilibidi ndege achunwe mapema: nyama yote hutolewa, fuvu na mifupa ya miguu hubaki, ngozi hupakwa sumu ya aseniki ili wadudu wasiile, kisha hujazwa pamba na kuachwa ikauke. Huko Dorey, New Guinea, sisimizi waliivamia nyumba ya Wallace na kumbebea wadudu aliokuwa akiwaandaa, huku nzi wakitaga mayai kwenye ngozi za ndege.

Si kweli pia kwamba wakusanyaji wote walikuwa matajiri waliojiburudisha. Wallace aliishi kwa mauzo ya sampuli zake, yaliyosimamiwa na wakala wake Samuel Stevens jijini London.

Ulaya iliwahi kuamini kwamba ndege wa peponi, ndege wa New Guinea na visiwa jirani wanaosifika kwa manyoya yao, hawana miguu, kwa sababu ngozi zilizofika kwa njia ya biashara zilikuwa zimekatwa miguu. Wawindaji wa visiwa vya Aru, waliojificha juu ya miti na kuwapiga ndege hao kwa mishale butu ili manyoya yasiharibike, hawakuwa na sababu ya kuamini hivyo.

Dhana ya mwisho ni kwamba thamani ya sampuli imo katika uzuri wake. Thamani kubwa imo katika lebo inayoonyesha ilikotoka. Mwaka 1835, mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin hakuandika visiwa walikotoka ndege wake wengi wadogo wa Galápagos, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ikambidi baadaye ategemee sampuli za wenzake waliosafiri naye melini. Wallace alizingatia sana kisiwa cha kila sampuli, na ndiyo maana aliweza kuonyesha kwamba visiwa vya Bali na Lombok, vinavyotenganishwa na mlangobahari mwembamba tu, vina ndege wanaotofautiana mno.