Borobudur: kilima kilichovishwa mawe

Mgeni anayefika Borobudur, katikati ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, hutafuta mlango asiuone. Hekalu hili la Wabudha halina ukumbi wa kuingia. Ni kilima cha udongo kilichovishwa mawe ya volkano, nawe hupanda ukilizunguka, likiwa mkono wako wa kulia.

Lilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, enzi za wafalme wa ukoo wa Shailendra. Mafundi hawakutumia chokaa: mawe yalichongwa meno na vishimo yakashikana yenyewe. Majukwaa 6 ya chini ni ya mraba, na kuta zake zimejaa michongo: maisha ya Buddha, wafalme, wakulima, hata vyombo vya baharini vyenye matengo ubavuni, ambavyo mvuvi wa ngalawa wa pwani yetu angevitambua mara moja. Ukifika majukwaa 3 ya juu, yaliyo mviringo, michongo inakoma. Zimebaki stupa 72 zenye matundu, yaani minara ya Kibudha yenye umbo la kengele, kila moja na Buddha aliyeketi ndani, zikizunguka kuba kubwa la kileleni.

Adui wa jengo hili ni mvua. Wajenzi walilijua hilo, wakaweka milizamu ya mawe ipatayo 100, kila mmoja umechongwa sura ya mnyama wa ajabu. Hata hivyo maji yalipenya kwenye udongo na kuta zikainama. Ukarabati wa mhandisi Mholanzi Theodoor van Erp, 1907 hadi 1911, haukulitibu tatizo hilo. Ndipo mwaka 1975 Indonesia na UNESCO walipoanza kuondoa mawe zaidi ya milioni moja, wakaweka mifereji ndani, kisha wakayarudisha. Kazi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kinachonigusa zaidi kimefichwa. Mwaka 1885 iligunduliwa kwamba mguu wa hekalu umefunikwa na ukuta mnene wa mawe, na nyuma yake kuna michongo 160 kuhusu matendo ya binadamu na malipo yake. Kwa maoni yangu, sababu yenye uzito ya kuifunika ni kwamba kilima kilianza kuteleza wakati wa ujenzi, wakakitegemeza kwa ukuta huo. Baadhi ya michongo hiyo haikumalizika kuchongwa. Juu yake yamebaki maneno mafupi ya kumwelekeza fundi, mfano neno la Kisanskriti “virupa”, yaani sura mbaya. Kwenye kona ya kusini-mashariki sehemu ndogo imeachwa wazi, na baadhi ya michongo hiyo inaonekana.